Jua Lilikuwa Upande wa Butembo

Basi la Kampala lilikwisha kuondoka, na aliyempa mwalimu habari hiyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Hapo ndipo aibu ilipokolea. Kijana sasa ni motari, dereva wa pikipiki, anapakia watu kwenye mpaka wa Kasindi, Congo, na Mpondwe, Uganda, na alipomwona mzee amesimama stendi na bahasha ya hati kwapani, saa ya mkononi ikionyesha moja na nusu asubuhi, aliuliza kwa adabu zote: "Prof, si ni weye ulitufundishaka ile mambo ya saa?"

Ndiye. Mwalimu huyu anafundisha jiografia Butembo, na kila mwaka huchora ubaoni mistari ya longitudo kwa chaki ya rangi. Basi liliandikiwa saa mbili kamili. Kwa saa yake bado nusu saa. Angeweza hata kunywa chai. Kwa saa ya Uganda, mita chache ng'ambo ya mto Lubiriha, ilikuwa mbili na nusu, na basi lilikuwa linaitafuta Kasese.

Wala si kwamba hakujipanga. Safari yenyewe, ya kwenda kuona makanisa ya Lalibela huko Ethiopia, bado iko mbali. Hii ya Kampala ilikuwa safari ya kuitafuta safari: tiketi ya ndege, maswali ya visa, kubadilisha pesa. Alikuwa na daftari lenye safu za paspoti, chanjo na akiba. Aliziandika hata siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, ili akwepe msongamano pale darajani. Usiku ule alipolala Kasindi, simu ilinasa mnara wa Uganda, ikaruka saa nzima mbele. Akaitazama, akatikisa kichwa, akaamua simu imeharibika. Kesho yake akaiamini saa ya mkononi.

Na hapa mwalimu atetewe kidogo, kwa sababu jua lilikuwa upande wake.

Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Kwa hesabu hiyo nchi iliyo nyuzi 15 mashariki ya Greenwich ingetangulia saa moja, ya nyuzi 30 saa mbili, ya nyuzi 45 saa tatu. Kinshasa iko karibu kabisa na nyuzi 15, nayo inatangulia kwa saa moja. Butembo na Beni ziko baina ya nyuzi 29 na 30, nazo zinatangulia kwa saa mbili. Ndiyo maana Congo ni nchi moja yenye saa mbili tofauti, na zote mbili jua linazikubali. Uganda je? Mstari wa nyuzi 30 wenyewe unapita karibu na mji wa Kasese. Kama ni jua tu la kuamua, Kasese ingekuwa na saa moja na Beni. Lakini Uganda, Kenya na Tanzania hutumia saa ya nyuzi 45, na mstari huo haugusi hata moja kati ya nchi hizo tatu: unapita karibu na Mogadishu! Yaani dereva wa basi pale Mpondwe anaamka kwa saa ya wavuvi wa Somalia. Matokeo yake ni kwamba Butembo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili, kama Kiswahili kinavyolitarajia, ilhali Kasese huchomoza karibu na saa moja, na hakuna anayelalamika. Saa hizi hazikushuka mbinguni. Wakati wa ukoloni Kenya iliwahi kwenda kwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, jambo ambalo lingewaua kabisa wasafiri wa Kasindi.

Mwalimu alimweleza motari haya yote, akichora kwa kijiti vumbini. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba basi la pili ni la mchana, kwa saa ya huku.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba nchi anayoiendea ndiyo yenye saa na kalenda za kumtoa mtu jasho. Ethiopia ina miezi 13: 12 ya siku 30 kila mmoja, na wa mwisho, Pagume, wa siku tano au sita. Mwaka mpya huangukia tarehe 11 Septemba, au 12 mara moja kila baada ya miaka minne, na hesabu ya miaka iko nyuma ya yetu kwa saba au nane. Walipoukaribisha mwaka 2000 kwa shangwe, sisi tulikuwa tarehe 12 Septemba 2007. Tiketi ya ndege itaandikwa kwa kalenda ya Roma na saa za Ulaya. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kuandika kwa ile ya kwao. Mpangaji makini huuliza zote mbili kabla ya kulipa.

Na Lalibela inastahili usumbufu huo. Makanisa 11, yaliyoingia kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1978, hayakujengwa. Yalichongwa. Kwa kanisa la Mtakatifu Georgi, mafundi walichimba handaki kuzunguka jabali, wakaacha katikati bonge la mwamba, wakalichonga kutoka paa kushuka chini kwa umbo la msalaba, kisha wakalitoboa ndani: milango, madirisha, nguzo. Hakuna tofali la kurudisha mahali pake, wala udongo wa kuziba kosa.

Kuna mengine ambayo hayachekeshi sana. Paspoti ya Congo iliwahi kuuzwa dola 185, na shirika la habari la Reuters lilifichua mwaka 2017 kwamba ni 65 tu kati ya hizo zilizokwenda serikalini. Baadaye ikashuka hadi 99, ambazo kwa mwalimu wa Butembo bado zilikuwa pesa nyingi za kununulia kijitabu. Humo ndani pameandikwa alikozaliwa: Beni. Ebola iliyoanza kutangazwa eneo hilo Agosti 2018 iliua watu 2,287 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Lakini bado yuko mtu dirishani mwa ofisi anayesoma jina la mji na kuisukuma paspoti mbele kwa ncha ya kalamu. Mwalimu alizika jamaa katika miaka hiyo. Hakuhitaji kukumbushwa kwa kalamu.

Halafu akaambiwa, kwa huruma ya kweli, afikirie upya kwa kuwa mkoa wa Amhara, iliko Lalibela, una vita. Ni kweli, na ni la kuulizia kabla ya kulipa chochote: hali ya hatari ilitangazwa huko Agosti 2023. Ila aliyeshauriwa ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, yenye hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, mtu ambaye kabla ya kufika Kasindi huulizia kwanza kama njia ya Beni imelala salama. Akashukuru kwa ushauri.

Kadi ya manjano: chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa baada ya siku 10, yeye alichomwa Jumatatu ya wiki hiyohiyo.

Noti yake ya dola 20 ilikataliwa kwa tundu la pini.

Bahasha ya hati ilipanda basi la mchana bila yeye, ikarudishwa.

Alipofika Kampala usiku alikuta ujumbe kutoka Lalibela: chumba kipo kwa Krismasi yao, tarehe 29 Tahsas, na mwongozaji atamngoja mlangoni asubuhi saa tatu. Tarehe ilibidi aihesabu kwa vidole mpaka akaipata 7 Januari. Saa hakuuliza.