Pembe ya Ndovu kwenye Ngazi ya Mfalme

Shiraz, Iran

Nyanya,

Mimi ni mzima, mtandio bado uko kichwani, na wali nimeula mpaka sima naiota usiku. Kimanga hata sikitaji, nisije nikalia.

Huku kwenye basi la mjini wanaume hukaa mbele, wanawake nyuma, na katikati pana chuma. Nilikukumbuka wewe na wanawake wenzako wa Mraru. Magari ya kwenda Voi yalipowapita yamejaa, mlichanga shilingi zenu hadi 1975 mkanunua basi lenu wenyewe. Hapa ungeelekezwa nyuma, nawe ungeuliza kwanza gari ni la nani.

Tulikodi teksi kwenda Takht-e Jamshid, jumba la wafalme wa kale, kama kilomita 60 kutoka mjini. Dario wa Kwanza alianza kulijenga yapata 518 KK, Aleksanda Mkuu akaja kulitia moto 330 KK. Ukumbi mkubwa ulikuwa na nguzo 72; zilizosimama leo ni 13. Watu wanazipiga picha sana. Mimi nilinasa kwenye ngazi.

Ukutani wamechongwa wajumbe wa mataifa 23 wakimpelekea mfalme zawadi. Mwisho kabisa wa foleni (wapi kwingine?) wako Waafrika wa Kushi, nywele kama zetu, na mmoja wao ana pembe ya ndovu begani, mchana kweupe! Pale Voi askari wa wanyamapori wangemlaza kifudifudi kabla hajakanyaga ngazi ya pili. Tena anavuta mnyama kwa kamba. Wengine husema ni twiga, wengine okapi, na wasomi bado wanabishana. Mtu wa Tsavo hawezi kuita shingo ile twiga. Nililisema hilo kwa sauti, mtembezaji wetu akanuna.

Karibu na hapo, Naqsh-e Rostam, makaburi manne ya wafalme yamechongwa juu kwenye jabali. Ndani hamna mtu. Nikamweleza mtembezaji kwamba kwetu Wadawida waliweka mafuvu ya wazee wao mapangoni, na mengine yapo hadi leo. Akachangamka, akauliza kiingilio ni kiasi gani. Nikamwambia kwanza umwone mzee wa ukoo, naye atakuuliza wewe ni wa nyumba gani. Akaandika kwenye daftari lake.

Jioni ikawa zamu ya kulipa teksi. Huku adabu inamtaka dereva akatae pesa, nawe umsihi, akatae tena, umsihi tena, ndipo apokee kama mtu aliyelazimishwa. Mwenyeji wetu alishatueleza haya yote, lakini mwenzangu wa Mwatate alikuwa amelala. Dereva alipokataa mara ya kwanza tu, jamaa akamshika mkono, akamwombea baraka yeye na watoto wake, akashuka akafunga mlango taratibu. Mimi nikabaki ndani na lile tabasamu la dereva likikauka.

Nililipa mimi. Mama wa huyo mwenzangu ukikutana naye sokoni Voi, mdai.

Mjukuu wako