Petroli Ipo, Gari Halitaki

Shangazi hanisemeshi tangu Jumamosi. Kitambaa alichofungia barua ya posa, cheupe, kilichotariziwa kwa mkono, kiliishia juu ya pampu ya mafuta ya Peugeot 404, njia panda ya Chalinze, mbele ya abiria wa mabasi ya Arusha na wa mabasi ya Morogoro.

Tulikuwa tunakwenda Lugoba, wazee na kanzu zao, shangazi na doti yake mpya. Tangu Ruvu gari lilikuwa likisitasita: linazima, linapumzika, linawaka, linakwenda kwa heshima, linazima tena. Chalinze likazima kwenye kona yenyewe ya kupinda kwenda Lugoba, na mjomba akashuka kukata matawi ya kuweka barabarani.

Sasa, watu wa Chalinze wamekulia kwenye magari ya wenzao. Muuza korosho alisema ni plagi. Konda wa basi la kwanza alisema petroli imechakachuliwa. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama kabisa, akawaeleza waliokusanyika kwamba hili ndilo gari alilotumia Bert Shankland kushinda mbio za Safari mwaka 1966, akarudia 1967, naye alikuwa mtu wa hapahapa Dar es Salaam. Yote kweli. Aliyasema huku wazee wangu wakisukuma.

Konda wa basi la pili ndiye aliyetuponza. “Petroli imechemka kwenye pampu,” alisema. “Leteni kitambaa, kiloweshwe maji.” Kila mtu akamtazama shangazi.

Tukalowesha, tukangoja, gari likawaka, na umati ukapiga vigelegele. Tulikuwa hatujafika mbali lilipozima tena. Hapo mjomba akatangaza kwamba saa ya posa haingoji chuma, akasimamisha tipa tupu lililokuwa linarudi Lugoba kuchukua kokoto. Mbele palikuwa pamejaa. Wazee wakapandishwa nyuma mmojammoja, wa mwisho akavutwa kwa mikono na kusukumwa na wapiga debe, shangazi akakalia tairi la spea, na msafara wa posa ukaondoka ndani ya wingu la vumbi la mawe. Wenyeji waliwatoza faini ya kuchelewa, ambayo ni ya kawaida, na faini ya kuleta vumbi sebuleni, ambayo naamini ilitungwa palepale.

Mimi nikabaki na gari. Kijana wa kijiwe cha bodaboda akaja, akaniuliza kama mafuta ninayo. Sikumjibu. Akafungua mwenyewe kifuniko cha tangi achungulie, na tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, hata muuza korosho akageuka. Gari likawaka mara moja.

Nimeliwaza jambo hili usiku na mchana, na ninalieleza kwa yeyote anayekaa karibu nami muda wa kutosha. Pampu ya gari la namna hii haina umeme. Ndani yake kuna kiwambo laini, springi, na vali mbili, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. Kemshafti inapozunguka hupiga mkono wa pampu, mkono unavuta kiwambo, petroli inanyonywa kutoka tangini. Lakini kinachoisukuma kwenda kwenye kabureta ni springi peke yake. Kabureta likijaa, boya linapanda, sindano inaziba njia, na springi inabaki imekaa tu, inangoja, huku mkono ukicheza bure. Hakuna kompyuta, hakuna waya, na bado pampu inajua kunyamaza ikishiba. Mimi naona huo ni uungwana.

Presha yenyewe ni ndogo ajabu: paundi tatu au nne kwa inchi ya mraba, wakati tairi linataka kama 30. Kwa hiyo kila kitu kidogo kinaiharibu. Joto, kwanza: sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na ukiinyonya inachemka mapema zaidi, pampu ikabaki inasukuma mvuke. Konda hakuwa mjinga. Tatizo ni kwamba tangi lisilopitisha hewa linaleta dalili zilezile. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, pampu inanyonya dafu ambalo tundu lake limeubana mrija pande zote. Gari likizima na kupumzika, hewa inapenya kidogokidogo, linawaka, na wewe unamshukuru mwenye kitambaa. Dawa ya kutofautisha ni moja: fungua kifuniko usikilize.

Mengine, ya safari nyingine, ni madogo. Mlandizi, pampu ya umeme ya gari la kisasa, niliyofungiwa na fundi kwa moyo safi, iliishinda nguvu sindano ya kabureta na petroli ikafurika mpaka chini. Kiwangwa, tulifunga dumu juu ya paa, tukagundua kwamba mita moja ya urefu inatoa presha ya karibu paundi moja, na kwamba wauza mananasi hawapendi kusimama karibu na dumu. Bagamoyo ilikuwa ni chujio tu.

Lakini kile kifuniko nilikinunua kipya, dukani, kwa maneno “ni kilekile.” Si kilekile. Ni cha magari ambayo matangi yake hupumua kwa bomba jingine, hivyo chenyewe kimezibwa. Duka hilohilo liliniuzia mpira wa petroli ambao ni wa maji: ulivimba, ukalainika, ukaanza kumeguka vipande vilivyokwenda kukwama chini ya sindano, na sindano isipoziba, petroli inamwagika juu ya injini yenye moto. Nilipourudisha, muuzaji alinionyesha maandishi kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akanishauri gari niliuze kwa kilo.

Hapo kicheko kinaniishia. Kwenye barabara hiihii ya Morogoro, Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka na moto wake ukaua watu zaidi ya 100. Hakuna mwenye duka kando ya barabara hii asiyejua petroli inafanya nini. Anapokata mpira wa maji kwa mita na kuuita wa petroli, anajua anachouza, na anajua kwamba gari likiungua watu watasema lilikuwa la zamani. Gari hili lilitoka kiwandani na mpira unaofaa, kifuniko kinachopumua na pampu inayojua kunyamaza. Uzee wake hauna kesi. Mwenye kesi anafungua duka kesho asubuhi saa mbili.