Ukiumwa, Umwa Kinachojulikana

Hapa Dodoma ukitaka kuugua kwa amani, ugua malaria. Malaria haina maneno: kipimo, dozi, pole nyingi, uji, umerudi kazini. Mpwa wangu wa kule Chimwaga, binti wa miaka 27, kaangukiwa na ugonjwa ambao mtaa mzima haujawahi kuusikia, basi mtaa mzima ukaugundua.

Lilianza jicho. Likafifia, likawa linauma kila akiligeuza, kisha baada ya wiki kadhaa likarudi lenyewe. "Simu hizo," akasema shemeji. Miezi ikapita, ganzi ikapanda kutoka nyayo hadi kiunoni, na akiinamisha shingo anasikia umeme ukishuka mgongoni. Kijiwe cha kahawa kikakaa kikao. UTI, akasema wa kwanza. Kakanyaga kitu, akasema wa pili. Wa tatu, ambaye hela yangu anayo tangu Pasaka, akasema kuyumba kule ni pombe. Binti mwenyewe hata soda haimalizi.

Ukumbi wa Chimwaga ndiko CCM ilikompitisha Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na hata siku ile, pamoja na akina Kikwete na Msuya, kura zilihitaji raundi mbili. Kijiweni raundi moja inatosha, na mgonjwa mwenyewe hayupo.

Madaktari ndio wagumu. Walichoshuku, maltipo sklerosisi, ni kinga ya mwili kugeuka na kuushambulia utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mfaransa Charcot aliieleza tangu 1868, lakini mpaka leo hakuna kipimo kimoja cha damu cha kusema ni yenyewe. Vigezo vya McDonald vya mwaka 2001, ambavyo wameshavirekebisha mara kadhaa, vilitaka ushahidi kwamba madhara yapo sehemu tofauti na yametokea nyakati tofauti. MRI ya kichwa, MRI ya mgongo, pengine na sindano ya kuchota maji ya uti wa mgongo. Kabla ya hapo wakawaondoa kwanza washukiwa wa kwetu: VVU, kaswende, TB ya uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12. Siwalaumu. Ugonjwa huu unapenda nchi za mbali na ikweta, huku ni nadra. Dada yangu akang'ang'ania kwamba ni wa Wazungu. Nikamwambia nadra si marufuku.

Jua nalo halisaidii. Joto huzidisha dalili, kiasi kwamba zamani madaktari walimwingiza mgonjwa kwenye maji ya moto wamwangalie. Dodoma ya Oktoba, saa saba mchana, beseni la nini? Kutoka kituo cha daladala hadi getini, miguu imegoma na jicho limefifia. Akipumzika kivulini anarudi sawa, na hapo ndipo jirani anapopata ushahidi wake: "Si nilisema anajifanya?"

Jibu limeshatoka. Dawa za kupunguza mashambulizi kaanza, kuponya haziponyi. Nikadhani kijiwe sasa kitanyamaza. Wapi! Juzi mzee wa kashata kalalia mkono, kaamka na ganzi, wakampa maltipo sklerosisi kabla kahawa haijapoa. Mdeni wangu naye anasema anaisikia, hasa tarehe za mwisho wa mwezi.