Kwa Heshima ya Makoro

Miji mingine hujisifia bandari, mingine bia. Goma ina makoro, na ni aibu kwamba mpaka leo hakuna aliyesimama mbele za watu kuyasemea neno jema. Chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo, limejengewa sanamu la rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na linastahili. Lakini makoro, yanayolibeba chukudu hilo pamoja na viazi vyake, na nyumba zetu, na marehemu wetu, hayana hata kibao. Nimelala juu yake, nimelima juu yake, nimeachia kucha za miguu katika meno yake. Kama kuna anayefaa kuyaimbia sifa, ni mimi.

Kwa msomaji aliye mbali: makoro ni mawe meusi ya volkeno, mepesi kuliko yanavyoonekana, yenye matundu na ncha kali. Volkeno ya Nyiragongo hutuletea kwa awamu. Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na kipande cha njia ya ndege. Mei 2021 ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji, kama mgeni aliyesikia mbwa wanabweka. Kila awamu ikipoa hupasuka, ikabaki na nyufa, na matundu yaliyoachwa na gesi, na mahandaki yanayopita chini kwa chini. Juu yake kuna changarawe nyeusi na vumbi ambalo kwa heshima tunaliita udongo. Udongo wa mfinyanzi wa kushika unyevu hamna.

Fadhila ndogo nizitaje upesi. Makoro ni ukuta usiohitaji saruji. Yanawalisha washona viatu na mafundi wa tairi. Yanawafundisha watoto kuangalia wanakokanyaga, somo ambalo shule hazina. Yanatoa vumbi jeusi la kutosha, hivyo hakuna mwenye nguo nyeupe wa kututambia. Katika mabonde ya Bulengo na Himbi yanapitisha mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini, inayoua mbuzi, na wakati mwingine mtoto, bila kelele. Hiyo ya mwisho si fadhila. Tuendelee.

Fadhila kuu ni kunywa. Sijui chini ya jua kinywaji kinachopokelewa kwa ukarimu kuliko mvua ya Goma. Ikinyesha Bukavu, mlima unateremka na nyumba. Ikinyesha Kinshasa, mtaa unageuka mto na mto unageuka habari ya saa mbili usiku. Ikinyesha Goma, makoro yanapokea. Zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka zinaanguka juu yetu, na mji hauna mto hata mmoja. Hauna kijito. Ukiona maji yamesimama, ujue umefika kwenye lami: barabara iliyojengwa na watu hushika maji wiki nzima ndani ya mashimo yake, ardhi iliyojengwa na Mungu haiyashiki hata nusu saa. Hakuna mlevi wa Birere aliyewahi kukaribia kipaji hiki.

Na wala hayaibi. Yanachokunywa yanakifikisha. Maji hushuka kwenye nyufa, hufuata mahandaki, kisha huingia Ziwa Kivu kwa mlango wa chini, kupitia chemchemi zilizofichika kilindini, nyingine zaidi ya mita 200 chini ya uso wa ziwa. Watafiti wa ziwa hili wanakadiria kwamba chemchemi hizo huliletea kama kilomita za ujazo 1.3 kila mwaka, na sehemu kubwa inaingilia kaskazini, upande wetu wa volkeno. Nimeketi na kalamu nikazigeuza ziwe bidoni za lita 20, maana kwetu maji hayahesabiki kwa kipimo kingine. Ni bidoni bilioni 65 kwa mwaka. Kwa siku, bidoni milioni 178. Fikiria msafara huo: usiku na mchana, bila chukudu, bila foleni, bila mtoto wa kike hata mmoja kuamshwa alfajiri, bila mtu kuuliza bei. Unapita chini ya vitanda vyetu sisi tuliolala na kiu.

Kisha mzunguko unatimia. Pampu zinayavuta maji ziwani na kuyapandisha mjini, umeme ukiwepo. Bomba likitoa, kijana anajaza bidoni, anaifikisha getini kwangu, nami nalipa. Jioni naimwaga nusu kwenye lenga-lenga zangu, mchicha wa bustanini. Makoro yanashukuru, yanakunywa, yanarudisha ziwani. Mimi ni kituo kimoja tu katika safari hiyo tukufu, na nadhani ndicho kituo pekee kinacholipa nauli. Lenga-lenga zinanitazama. Asubuhi zimeinama kana kwamba sikufanya lolote. Ningekinga mvua kwenye bati? Nakinga. Ila pale moshi wa mlima unapoelekea, mvua hushuka na uchafu wake, na katika vijiji vilivyo chini ya volkeno, vinavyotegemea matangi ya mvua, floridi imewachora watoto meno kwa rangi ya kahawia.

Niseme ukweli, inakera. Inakera kuona ziwa lote hilo la buluu kutoka dirishani na kisha kuhesabu vikombe.

Wajuzi wa ardhi wataniambia kwamba sisi si wa pekee, kwamba mchanga wa pwani una tabia ileile. Ndiyo. Kule Lamu, pwani ya Kenya, matuta ya mchanga ya Shela hunywa mvua kwa pupa kama makoro. Lakini mchanga ule huweka akiba: maji matamu hukaa chini yake, yameelea juu ya maji ya chumvi, na mji wa Lamu umeyateka kwa visima kwa vizazi. Tishio lake ni watu wenye tamaa ya viwanja vya kuangalia bahari. Nakumbuka nilipolisikia hilo nilifarijika, nikaona kwamba hata pale ardhi inapofanya wema hupatikana mtu wa kuuharibu.

Sasa nifikie fadhila ambayo viongozi wetu wanaijua kuliko mimi: makoro yanabeba lawama, na hayajibu.

Nilipotaka kuchimba choo, fundi alizunguka kiwanja akigonga kwa mtaimbo hapa na pale, akisikiliza.

"Mama, hili ni la 2002," akasema kwa huzuni ya kitaalamu. "Lingekuwa la zamani lingesikia."

"Papa fundi, tutafika mita ngapi?"

"Mama, tutafika pale litakapotukubalia."

Lilitukubalia hadi magotini. Kwa hiyo choo changu, kama vingi mtaani, kimepanda juu badala ya kushuka chini; kina ngazi, na avenyu nzima inajua nani ameingia. Na yale yanayokaa ndani yake hayakai. Makoro hayachagui kinywaji. Yanapokea mvua, yanapokea na hayo mengine, yote yanateremka ziwani, ambako bomba likikauka wanawake na watoto wanashuka na bidoni, pale Kituku na kwingineko, na akiwepo mfadhili msimu huo watamkuta mtu wa kujitolea akitia klorini kwa bomba la sindano.

Fundi wangu simlaumu. Alipiga jiwe kwa mikono yake. Ninaowasema ni wale wasiowahi kuligusa. Uliza kwa nini bomba la avenyu halijatoa maji tangu mvua za mwaka jana: "Mama, mnajua ardhi yetu." Uliza kwa nini soko halina choo: ardhi. Kwa nini mtandao wa mabomba umeachwa nyuma na mji unaozidi kupanda kuelekea volkeno: ardhi, tena ngumu sana. Nimehudhuria mkutano wa mtaa ambapo ofisa alilitaja jiwe mara nyingi hivi kwamba nilitazamia liitwe mbele lijitetee.

Ajabu ni kwamba jiwe hilohilo lina adabu mbele ya hela. Tembea Himbi, ukingoni mwa ziwa. Mwenye fedha akitaka msingi wa ghorofa nne, jiwe linapasuka. Akitaka shimo la maji taka, linachimbika. Akitaka bwawa la kuogelea, makoro, hayo yasiyoshika tone, yanashika. Majani ya bustani ni mabichi Julai nzima, kiangazi kizima.

Julai ina habari nyingine. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walivuka kuja huku kwa siku chache. Ndani ya mwezi wa kwanza karibu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Taarifa za wakati ule zililitaja jiwe, na hazikudanganya: ilikuwa vigumu kuchimba vyoo, ilikuwa vigumu kuchimba makaburi, maiti zilizungushiwa mikeka zikalazwa kando ya barabara. Lakini si jiwe lililoendesha mauaji ya kimbari yaliyotangulia, wala si jiwe lililowasukuma watu kuvuka. Kambi ya Kibumba iliwekwa mahali pasipo na maji, ikawa inangoja malori. Jiwe halikuichagua.

Kisha tukapata muda wa kujifunza, karibu miaka thelathini. Vita vya waasi wa M23 vilipowamwaga watu tena katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo na Lushagala, mahema yalisimikwa juu ya makoro yaleyale, vyoo vikawa vifupi vilevile, kipindupindu kikarudi kwa njia yake ya zamani, na taarifa zikaandika sentensi ileile juu ya ardhi ya volkeno. Nadhani hawakuiandika upya hata kidogo.

Mei 2021 lava ilipoharibu tangi kubwa na mabomba upande wa Buhene, watu wapatao nusu milioni wakakosa maji safi. Hapo nakubali, mlima una hatia. Ila Januari 2025 mlima ulikuwa umetulia. Vita viliingia mjini, umeme ukakatika, mabomba yakakauka, watu wakashuka ziwani na bidoni huku risasi hazijanyamaza vizuri. Makoro siku hizo hayakusogea hata hatua moja.

Basi wewe utakayeandika ripoti ijayo juu ya maji ya Goma, maana itaandikwa, na itazinduliwa kwenye ukumbi wenye chupa za maji mezani: ukifika kwenye ukurasa wa vikwazo, usianze na jiwe. Andika kwanza nani alipewa hela ya bomba gani, mwaka gani, na bomba hilo liko avenyu gani. Andika nani alitia sahihi kwamba kazi imekamilika. Ukiwamaliza hao na karatasi ikabaki, tuandike sisi tunaomwagilia lenga-lenga juu ya lava. Jiwe liweke mwisho.