Mbuzi wa Nizwa na Mantiki ya Ami

Aristotle alizihesabu hoja potofu akazikuta 13. Hesabu hiyo ni ya mtu ambaye hakuwahi kunywa kahawa barazani kwa ami yangu, hapa Ibra.

Ami kazaliwa Unguja, kaja Oman kijana, na Kiswahili ndicho anachogombea nacho. Kiarabu kakiweka kwa sala na benki. Tulikuwa tunatafuta mbuzi wa akika ya mjukuu wake. Jirani akatushauri twende Sinaw, soko lao kubwa ni Alhamisi, na kwetu si mbali.

"Kilemba chake mwenyewe hajui kukifunga," ami akasema jirani alipoondoka. "Atajua mbuzi?"

Siku hizo nilikuwa nasoma mantiki, na maradhi ya kila anayeanza somo hili ni kuwatajia watu makosa yao. "Ami, hapo umemshambulia mtu, hoja umeiacha. Kilemba na mbuzi wapi na wapi?"

"Kwa hiyo wewe unataka wageni wangu wale maharage!"

Maharage sikuyataja. (Hili nalo lina mahali pake kitabuni: unamlisha mwenzio maneno, kisha unayapiga hayo hayo.) Ndipo ikaja hoja kuu ya ami ya kwenda Nizwa badala ya Sinaw. Mnara wa ngome ya Nizwa ulijengwa kwa miaka 12, zama za Imamu Sultan bin Seif, karne ya 17. Watu waliovumilia miaka 12 kwa mnara mmoja hawawezi kuuza mbuzi mbovu.

Nikamwambia Ghazali aliandika kwamba asiyejua mantiki, elimu yake haiaminiki.

"Ghazali aliwahi kununua mbuzi Nizwa?"

Ijumaa, baada ya alfajiri, tukawa njiani.

Soko la mbuzi la Nizwa halina subira. Wauzaji wanazunguka duara na wanyama wao, bei inatajwa huku watu wanatembea, ukimpenda unamshika. Tukamshika mmoja wa kahawia. Riyali 90, akasema muuzaji, maana wenzake wote wamechukuliwa na watu wa Dubai. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikamweleza, kwa Kiarabu changu chenye lafudhi ya Ng'ambo ya Unguja, kwamba wingi wa wanunuzi si ushahidi wa ubora, na tena kwamba mwenye pesa si lazima awe na jicho la mifugo. Kabla sijafika hoja ya tatu, bibi mmoja mwenye barakoa akapenya mbele yangu, akampanua mbuzi mdomo, akamtazama meno, akambonyeza kiunoni, akalipa. Mbuzi akaenda zake. Meno mawili makubwa ya mbele yakishaota, mbuzi kapita mwaka. Hahitaji kushuhudiwa na Dubai.

Tulirudi mikono mitupu.

"Jirani kataja Sinaw, tumekosa mbuzi Nizwa," ami akasema garini. "Yule ana kijicho."

"Hata muadhini aliadhini kabla hatujakosa, ami. Naye tumlaumu?"

Akaninunia mpaka tukaipita Izki.

Jirani, Mungu amjaze, alikuwa kanunua wawili Alhamisi ile, akatupa mmoja. Akika ikafana. Ami akala, akaongeza, akafumba macho.

"Nyama laini hii. Ya Nizwa."

"Ami, mbuzi huyu katoka Sinaw."

Akavuta ubavu mwingine.

"Sinaw kauzwa tu. Wazee wake wa Nizwa."