Njia ya Mangweni

Wapangao safari za kuonja mvinyo huko Stellenbosch huhesabu kilomita. Atakayeonja mnazi Mombasa, kutoka Likoni, Changamwe hadi Kisauni kwa gari, ahesabu saa, maana tembo lililogemwa alfajiri likiwa tamu huwa kali jioni, na likilala huelekea siki. Foleni ya feri haijali hilo. Mtaniambia barabara ya Dongo Kundu inaikwepa feri. Kweli, lakini hukufikisha Miritini. Kwenda Kisauni bado utakatiza kisiwa, Makupa hadi Daraja la Nyali. Tena dereva aliyeonja vituo viwili, cha tatu chake ni cha polisi. Basi njia bora ina mangwe moja tu ya mnazi, jirani na kwako, kwa miguu, ambako mgema anakujua na hategemei umsifu.