Jini wa London na Chano Chake

Jini wa London anaishi ndani ya chupa, hupanda kichwani, na hatulii mpaka aletewe vitu vyake. Watu wa Pwani hawatapata taabu kumwelewa. Ila huyu ni pombe kali, angavu kama maji, yenye harufu ya matunda ya mreteni na kilevi kisichopungua asilimia 37.5. Mganga wake ni mhudumu wa kaunta. Humpima kwa mujibu wa sheria ya Uingereza, mililita 25 au 35, kwa hiyo anayengoja kumiminiwa kwa kukadiria kama nyumbani atangoja sana.

Kinywaji chake maarufu ni jini na toniki. Toniki ina kwinini, na Waingereza waliokuwa India waliinywa kwa ajili ya malaria. Aliyemezeshwa kwinini utotoni huku amebanwa pua huutambua uchungu ule mara moja, kisha hustaajabu kuona watu wazima wakiununua kwa hiari yao, katika glasi yenye tumbo kama mtungi, na ndani mnaelea tango. Ndiyo, tango la kachumbari. Wengine huongeza pilipili manga au iliki. Anayedhani kitunguu kimesalimika hajaagiza Gibson, ambayo ni martini yenye kitunguu cha siki.

Martini ya asili ni jini na vermuti, basi. Katika miaka ya 1990 Mwitaliano Salvatore Calabrese, akiwa kazini London, aliipindua kwa jamu ya machungwa, maji ya limau na likyuri ya machungwa, akaiita martini ya kifungua kinywa. Jamu hiyohiyo ya kupaka mkate! Huko Pwani, kijana anayefungua kinywa kwa pombe huitiwa kikao cha ukoo. London huandikwa kwenye menyu.

Siku hizi yuko pia jini wa buluu, aliyelowekwa maua fulani ya Asia. Akitiwa limau hugeuka zambarau au waridi, kwa kuwa rangi ya maua hayo hubadilika ikikutana na asidi. Wateja hupiga picha. Mahali pengine angeshaitwa shehe aje kusoma. Wapo hata wanaofukiza glasi kwa moshi wa rozimari, na hapo kinachokosekana ni ubani na ngoma tu.

Aliyevuka mipaka ni Mirko Stocchetto wa Bar Basso, Milano. Negroni ni jini, Campari na vermuti tamu kwa vipimo sawa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1972, alipokuwa akiichanganya, alishika chupa ya mvinyo wa mapovu akidhani ni ya jini. Mteja akanywa, akaridhika, na kinywaji kikapewa jina la Kiitaliano lenye maana ya negroni iliyokosewa. Jini mwenyewe hayumo, na bado hupanda kichwani.